Ua la Pwani Lililo Geni Kwao

Katika nchi ya Wachonyi, Kaunti ya Kilifi, yako majabali ya chokaa yaitwayo Cha Simba. Yamesimama juu ya miti kama nguzo za jumba lililobomoka, na katika nchi inayoyazunguka watu hulima mahindi, minazi na mikorosho. Mtu apitaye njiani wakati wa jua kali huyaona yamekauka, akadhani kwamba hapana kitu cha maana kiwezacho kuota hapo. Lakini akiingia upande wa kivuli, mahali ambapo jua halifiki na jiwe lina unyevu, huenda akaona katika ufa kijimea kimelala juu ya mwamba. Majani yake ni ya mviringo, yamejipanga kama sahani, nayo yana manyoya laini. Katikati yake husimama vijiua vichache vya rangi ya zambarau hafifu, na kila kimoja kina kitone cha manjano moyoni.

Mkulima aweza kupita hapo miaka yote akienda shambani asiulize jina la kijimea hicho. Wala si ajabu, kwa maana hakiliwi, hakijengewi nyumba, wala hakiuzwi sokoni. Hata hivyo, ndugu za kijimea hicho wamewekwa madirishani katika mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani. Huko hununuliwa kwa fedha, huoneshwa katika mashindano, na wazee hupelekewa kama zawadi wanapougua. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Ua hili limekwenda kucheza ugenini, na huko ndiko lilikotunzwa. Hapa kwao, ambako mizizi yake ilianza, ni watu wachache tu walio nalo barazani.

Jambo hilo laweza kusahihishwa, na gharama yake si kubwa. Lakini atakaye kulikaribisha ua hili nyumbani yampasa kwanza ajue lilikotoka na namna liishivyo huko, kwa sababu mgeni hapokewi vema na mtu asiyejua desturi zake.

JINSI LILIVYOJULIKANA

Mwaka wa 1892, nchi ya Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Huyo alikuwa pia mjuzi wa Kiswahili, na kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani lugha hii kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa mwaka wa 1890. Katika kutembea kwake aliliona ua hili mahali pawili: karibu na mji wa Tanga, katika miamba ya chokaa isiyoinuka sana juu ya usawa wa bahari, na tena katika msitu wa milima ya Usambara ya Mashariki.

Alilipeleka Ujerumani kwa baba yake, mtu apendaye mimea, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen katika mji wa Hanover. Mwaka wa 1893 Wendland aliandika habari zake na kulipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa ukoo wa Baron huyo, na la pili maana yake ni mmea wenye maua yafananayo na urujuani. Wajerumani wakaliita urujuani wa Usambara, na watu wasemao Kiingereza wakaliita urujuani wa Afrika, ijapokuwa kwa nasaba si urujuani hata kidogo. Kwa kuwa milima ya Usambara ndiyo iliyolipa jina la kwanza ugenini, jina la ua la Usambara lafaa pia kwa msomaji wa Kiswahili.

Katika miaka ya 1920 wakulima wawili wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, walipata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Waliziotesha, wakachagua namna kumi zilizo bora kupita nyingine, na katika hizo kumi zikazaliwa nyingi sana. Mwaka wa 1946 wapenzi wa ua hili nchini Marekani waliunda chama chao. Leo ziko namna maelfu: nyeupe, waridi, samawati, nyekundu ya damu ya mzee, zenye pindo kama kanga na zenye maua manene kama vifungo vya kitambaa. Zote asili yake ni mimea michache tu iliyotoka katika miamba na misitu ya Afrika ya Mashariki.

Mwaka wa 2015 wataalamu walichunguza tena nasaba ya mimea hii, wakaiingiza katika jamaa ya Streptocarpus. Kwa hiyo vitabu vipya huandika Streptocarpus ionanthus mahali pa jina la zamani. Mwenye bustani asibabaishwe na jambo hilo. Jina limebadilika, lakini mmea ni ule ule.

KWAO NI WAPI

Jamaa nzima ya ua la Usambara, yapata aina kumi, huota porini katika Tanzania na Kenya tu. Hapana nchi nyingine duniani iliyojaliwa kuwa nayo. Nyingi ziko Tanzania, katika milima ya Usambara, Nguru, Uluguru na mingineyo, na katika nchi ya chini karibu na Tanga. Kenya imepata mbili. B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh aliandika habari za ile ya mlima wa Mbololo, Taita, mwaka wa 1958, na habari za ile ya majabali ya chokaa ya Kilifi mwaka wa 1964. Ya Mbololo ilipewa jina la teitensis, yaani ya Taita. Ya Kilifi ilipewa jina la rupicola, yaani ikaayo mwambani.

Jina hilo la pili latosha kuwa somo la kwanza la kilimo chake. Mahindi hutaka udongo mwingi, na mnazi hutaka jua. Ua hili halitaki hata kimoja cha hivyo. Kwao huota penye jiwe, katika ufa uliojaa majani yaliyooza, na udongo wake wote waweza kuenea katika kiganja cha mkono. Juu yake iko miti inayozuia jua. Mvua hulinyeshea, lakini kwa kuwa limeota ubavuni mwa mwamba, maji hayatuami. Huteremka, yakaacha unyevu tu. Upepo mkavu haulifikii, maana miti na majabali yameuzuia.

Basi, mambo manne ndiyo yanayolipa uhai: kivuli, udongo mwepesi na mchache, maji yasiyotuama, na hewa yenye unyevu. Mtu ayakumbukaye hayo manne hahitaji kitabu kikubwa. Mtu ayasahauye hata moja atauona mmea wake ukifa, naye atasema kwamba una kiburi, kumbe kosa ni lake.

KULITENGENEZEA JABALI NYUMBANI

Mtu akaaye Pwani aweza kuliotesha nje, kwa sababu joto la Pwani si geni kwake. Achague mahali chini ya mwembe mkubwa, au nyuma ya nyumba upande usiopigwa na jua la mchana. Jua la asubuhi kidogo, kabla ya saa tatu, haliudhuru mmea. Jua la saa sita huunguza majani kwa siku moja tu, yakawa na mabaka ya rangi ya kahawia.

Hapo na akusanye mawe, ya chokaa au ya matumbawe. Kama mawe yametoka ufuoni, yaoshwe sana kwa maji matamu na kuachwa yanyeshewe mvua nyingi, mpaka chumvi iishe. Ayapange yakiegemeana, makubwa chini na madogo juu, hata yafike kimo cha goti. Asiyajengee kwa saruji. Kati ya jiwe na jiwe aache mifuko midogo, kila mmoja upana wa kikombe.

Mifuko hiyo haijazwi udongo wa shamba, maana huo hushikamana ukawa mzito, na mizizi ya ua hili ni myembamba kama nyuzi. Achanganye sehemu moja ya majani yaliyooza vema na kuchekechwa, sehemu moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, na sehemu moja ya vumbi la makumbi. Makumbi yaliyolowekwa baharini yana chumvi, kwa hiyo nayo yaoshwe mara nyingi. Konzi moja ya makaa yaliyopondwapondwa huzuia mchanganyiko usichache. Siku mbili kabla ya kupanda, amwagie mchanganyiko huo maji yachemkayo, ili mayai ya wadudu na minyoo ya mizizi yafe, kisha auache upoe na kujikausha.

Wakati wa kupanda, mmea usisimamishwe wima kama mche wa kabichi. Ulazwe kidogo, uso wake uelekee nje, kama ulivyo kwao ubavuni mwa jabali. Watu wengi hulidharau jambo hili. Majani ya ua la Usambara yamekutana katikati kama bakuli. Mmea ukisimama wima mvuani, bakuli hilo hujaa maji, na moyo wake huoza. Ukilazwa, maji humwagika yenyewe.

Bustani hiyo ya mawe na izungushiwe uzio mdogo wa makuti. Kuku mmoja akiwa na vifaranga aweza kuifukua kazi ya miezi sita kwa robo saa.

KATIKA CHUNGU BARAZANI

Mtu akaaye nchi ya juu, kama Nairobi, Nyeri au Eldoret, afadhali aliweke ua hili katika chungu. Hupenda joto la digrii 18 hadi 24, ambalo ni joto la mchana wa kawaida katika miji hiyo. Usiku wa mwezi wa Julai ni jambo jingine. Baridi ikikaribia digrii 10 mmea husinyaa, kwa hiyo uondolewe dirishani jioni na kuwekwa ndani. Kwa karani mwenye chumba kimoja tu, meza iliyo karibu na dirisha lenye pazia jepesi yatosha.

Chungu kiwe kidogo. Kipimo kizuri ni kwamba upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa mmea wenyewe. Mtu aliyezoea kilimo huona hilo ni uchoyo, akautia mmea katika chombo kikubwa ili upate nafasi. Matokeo yake ni kwamba udongo mwingi hushika maji mengi, na mizizi michache haiwezi kuyanywa yote. Chungu cha udongo kilichotobolewa chini ni kizuri. Kopo la bati pia hufaa, mradi litobolewe matundu na lisiwekwe mahali pa joto.

Maji yatiwe pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu ukiguswa kwa kidole. Njia iliyo salama ni kukiweka chungu katika kisahani chenye maji kwa nusu saa, udongo unywe kutoka chini, kisha maji yaliyobaki yamwagwe. Maji yawe vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto. Maji baridi yakianguka juu ya majani huacha mabaka yasiyofutika. Vumbi likishika manyoya ya majani, liondolewe kwa brashi laini, si kwa kitambaa chenye maji.

Chakula chake ni kidogo. Samadi iliyooza na kulowekwa, kisha ikachujwa na kuzimuliwa mpaka ifanane na chai iliyotiwa majani machache, yatosha mara moja kwa majuma matatu au manne. Samadi kali huchoma mizizi. Ua lisipochanua ijapokuwa majani ni mazuri, mara nyingi si njaa, bali ni giza. Lisogezwe karibu na mwanga bila kutiwa juani, na baada ya majuma machache vikonyo vya maua vitaanza kuinuka.

KUZIDISHA KWA JANI MOJA

Kati ya sifa zote za mmea huu, ile iliyoueneza duniani upesi ni kwamba jani moja laweza kuwa mama. Mtu hana haja ya mbegu, ambazo ni ndogo kama vumbi na humsumbua hata fundi.

Jani lichaguliwe katika duru ya kati ya mmea. Lisiwe la nje lililozeeka, wala la moyoni lililo changa. Likatwe kwa wembe safi pamoja na kikonyo chake, na kikonyo kipunguzwe kibaki urefu wa sentimeta 4 hivi, kwa mkato wa mshazari. Kisha kichomekwe katika mchanga wenye unyevu, kina cha sentimeta 2, jani likiwa limelala kidogo. Juu yake ufunikwe mtungi wa kioo au mfuko wa nailoni unaopenya mwanga, ili hewa isikauke, nao ufunuliwe kila siku kwa muda mfupi. Chombo kiwekwe kivulini.

Baada ya majuma matatu au manne mizizi huwa imetoka. Hapo hapana la kuona kwa macho, na ndipo wengi wanapochoka wakaling'oa jani kulitazama. Asiyeweza kungoja asianze. Katika mwezi wa pili au wa tatu, chini ya jani hutokeza vijani vidogo kama masikio ya panya. Jani moja huweza kutoa vichanga vitatu, vinne, au zaidi. Vikifikia theluthi ya ukubwa wa jani mama, hutenganishwa kwa uangalifu na kila kimoja kupewa chungu chake. Kutoka siku jani lilipochomekwa hata ua la kwanza kuchanua, mtu ahesabu miezi sita hadi tisa. Subira huvuta heri.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu akichomeka majani kumi, yakatoka vichanga vitatu kila moja, atakuwa na mimea thelathini kabla ya mwaka kwisha. Aweza kuwagawia jirani, kupamba darasa la shule, au kuuza mimea michache mjini. Asitazamie kujenga nyumba kwa biashara hiyo. Lakini mama wa nyumbani au karani mwenye mshahara mdogo ataona kwamba fedha ya sabuni na sukari yaweza kutoka katika rafu moja ya barazani.

ADUI ZAKE

Adui wa kwanza ni maji mengi. Moyo wa mmea ukilegea na kuwa wa rangi ya kahawia, umeoza, na dawa haipo. Mwenyewe ayaokoe majani yaliyo mazima, ayachomeke katika mchanga, aanze upya. Adui wa pili ni wadudu wadogo weupe kama vipande vya pamba, wajifichao penye vikonyo na kunyonya maji ya mmea. Wafutwe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti, na mmea utengwe na mingine. Adui wa tatu, kwa bustani ya nje, ni konokono, ambao hutoka usiku. Waokotwe kwa taa. Mmea mgeni ukiletwa nyumbani, ukae peke yake mwezi mmoja kabla ya kuwekwa pamoja na wenyeji.

MAHALI PA KUUPATA, NA MAHALI PA KUTOUCHUKUA

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusikiliza zaidi, kwa sababu madhara makubwa yaweza kufanywa na mtu mwenye nia njema. Mtu akisha kuusoma uzuri wa ua hili huenda akasema, Cha Simba si mbali, au Mbololo si mbali, nitakwenda na jembe niching'oe kimoja. Asifanye hivyo.

Mimea ya mwambani si mingi. Kila jabali lina jamaa yake, nayo haiwezi kuhamia jabali jingine kwa urahisi, maana kati ya jabali na jabali ni mashamba na jua. Kikundi cha mimea ishirini kikitembelewa na watu ishirini wenye jembe, kimekwisha. Tena mmea uliong'olewa mwambani mara nyingi hufa nyumbani, kwa sababu mizizi yake hukatika katika ufa wa jiwe. Kwa hiyo mng'oaji hupoteza mara mbili: jabali limebaki tupu, na chungu chake pia.

Njia iliyo halali ni kununua mmea mmoja uliooteshwa na mkulima wa maua, au kuomba jani kwa mtu aliye nao. Jani halimwumizi mwenye mmea, wala halimpunguzii kitu. Kwa ua hili, hakuna sababu ya mtu kuiba kilicho porini.

Lakini jembe la mpenda maua si hatari iliyo kubwa kupita zote. Shoka ni hatari zaidi. Mti mkubwa uliosimama karibu na jabali ukikatwa kwa ajili ya mbao au makaa, hapana mtu aliyeligusa ua, wala hapana aliyekusudia kulidhuru. Kesho yake jua la saa sita hufika mahali ambapo halikupata kufika. Unyevu hukauka katika jiwe, na mimea iliyoishi hapo vizazi na vizazi hukauka pia. Hatari nyingine iko katika jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa ndilo lichomwalo likawa chokaa ya kupaka nyumba, nalo ndilo lisagwalo likawa saruji. Nchi yahitaji nyumba, na watu wahitaji kazi. Lakini mti uliokatwa waweza kupandwa mwingine, na mjukuu akauona kivuli chake. Jabali lililovunjwa haliotwi tena.

Wazee wa Pwani waliijua siri hii kabla ya mabingwa wa mimea kufika. Nchi ya Wachonyi na ndugu zao Wamijikenda ni nchi ya kaya, yaani misitu mitakatifu ambamo wazee walikataza shoka na moto. Kwa sababu ya makatazo hayo, misitu hiyo ilibaki na miti na mimea iliyokwisha kutoweka kwingineko, na mwaka wa 2008 kaya kadhaa ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Waliozilinda hawakuwa na darubini wala majina ya Kilatini. Walikuwa na miiko, nayo ilitosha kuhifadhi vitu ambavyo leo wataalamu husafiri mbali kuja kuviona.

Huenda mtu akauliza: ikiwa ua hili limejaa Ulaya na Marekani, hasara gani likipotea hapa? Jibu ni kwamba yale ya madirishani ni watoto waliochanganywa kwa miaka mingi, tena wa wazazi wachache. Wamezoea kumwagiliwa na kutunzwa. Ile ya mwambani ndiyo iliyohifadhi nguvu za asili: kila jamaa ya porini imepambana na ukame wake, magonjwa yake na jabali lake. Kama siku moja maradhi yakiingia katika mimea ya nyumbani, wakulima watataka kurudi kwa ndugu wa porini kutafuta nguvu mpya. Wasipowakuta, duka halina la kuwauzia.

Kwa hiyo bustani ya mawe nyuma ya nyumba haiwezi kuwa badala ya Cha Simba. Faida yake ni nyingine. Mtu aliyepanga mawe kwa mikono yake, akachekecha udongo, akatafuta kivuli, akasubiri miezi sita apate ua moja, huyo amejua kwa jasho lake jinsi uhai huu ulivyo mwembamba. Ameona siku aliposahau kuuzuia jua majani yakaungua. Mtu kama huyo akipita karibu na jabali na kumwona kijana ameinua shoka juu ya mti ulio kando yake, hatahitaji kufundishwa la kusema.

Na watoto wake, waliokua wakiuona mmea huo barazani, hawatakuwa kama watu waliopita Cha Simba miaka yote bila kuuliza. Watakapoingia kivulini mwa jabali na kuona vijiua vya zambarau hafifu katika ufa, watavitambua mara moja, waseme: huyu ni wa kwetu, naye yuko kwake, mwacheni hapo hapo.